Kitabu kikitolewa maktaba, tujue nani kaamua

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Baiolojia, mkazi wa Kikuyu hapa Dodoma. Naomba nafasi niseme juu ya jambo linalofanyika kimyakimya katika maktaba za umma.

Miezi michache iliyopita nilikuwa katika maktaba moja ya kanda hii ya kati. Mzazi mmoja akafika kaunta na kitabu cha balehe na afya ya uzazi, amekifungua penye mchoro wa mfuko wa uzazi. Akasema kwa sauti ya juu kwamba kinawafundisha watoto uchafu, na kisipotolewa atalifikisha kwa mwenyekiti wa mtaa. Binti wa kaunta hakubishana. "Sawa mama, nimekuelewa." Akakipokea, akakitia kwenye droo. Hakuna kilichoandikwa popote. Nilipokiulizia baadaye nikajibiwa, "Kiko ofisini, mwalimu." Kitabu hicho nakifahamu. Karatasi ya tarehe za kurudisha, ile inayobandikwa ndani ya jalada la nyuma, ilikuwa imejaa mihuri hadi pembeni. Watu walikuwa wanakiazima.

Binti yule simlaumu. Yuko peke yake, hana mwongozo wowote mkononi, na mbele yake kasimama mtu mzima mwenye hasira. Mzazi naye ana haki ya kuuliza, na ana haki kamili ya kumkataza mwanawe kukisoma. Ila haki hiyo haimfikii mtoto wa jirani. Wapo mabinti wanaovunja ungo wakiwa hawana wa kumuuliza. Mama hayupo, na shangazi ambaye zamani ndiye angemweka mwali chini akamfunda anaishi Dar es Salaam. Tangu Novemba 2021 Serikali imewaruhusu wasichana waliokatishwa masomo na ujauzito warudi darasani, na mimi niliufurahia sana uamuzi ule. Sasa tunamfichia mdogo wake kitabu ambacho kingemwepusha na safari hiyohiyo?

Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 vya ziada shuleni kwa sababu za maadili. Wapo waliounga mkono na wapo waliopinga, lakini orodha ilitoka hadharani, kila kitabu kwa jina lake, na aliyetaka kuhoji alijua aende wapi. Kitabu kilicho kwenye droo utakihoji kwa nani?

Marekani, ambako ugomvi huu ni mkali kuliko kwetu, maktaba nyingi za umma humpa mlalamikaji fomu. Huulizwa kama amekisoma kitabu chote, ni sehemu gani inayomkera, na anataka kifanywe nini. Wakutubi hukaa, hukisoma chote, kisha humjibu kwa maandishi; asiporidhika hukata rufaa kwa bodi ya maktaba. Wakati wote huo kitabu hubaki kwenye rafu, na hilo ndilo naliona kubwa kuliko yote. Utaratibu huo haujazima shinikizo: mwaka 2023 pekee, chama cha maktaba cha huko kilihesabu vitabu 4,240 tofauti vilivyotakiwa kuondolewa au kuzuiwa. Lakini angalau wanaweza kuhesabu. Sisi tutahesabu nini?

Katiba yetu, ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari. Ilani ya IFLA (shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba) na UNESCO kuhusu maktaba za umma, iliyohuishwa mwaka 2022, inataka hazina ya vitabu isichujwe kwa misukumo ya kiitikadi, kisiasa wala kidini. Hayo yote hayamsaidii binti wa kaunta saa ile anapofokewa. Kitakachomsaidia ni karatasi moja atakayomkabidhi mlalamikaji kwa heshima na kumwambia, "Jaza hapa mama, utajibiwa."

Kwa hiyo naiomba Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambayo kwa sheria ya mwaka 1975 ndiyo yenye dhamana ya huduma hii, itujibu kupitia gazeti hili: upo mwongozo wa maandishi kwa mkutubi anayeletewa malalamiko juu ya kitabu? Kama upo, ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila maktaba ya mkoa na wilaya. Kama haupo, uandikwe, na wazazi, walimu na viongozi wa dini waitwe kutoa maoni kabla haujapitishwa.

Mwalimu mstaafu,
Kikuyu, Dodoma