Getini uji umezuiwa, kisu kimepita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaoendesha viwanja vya kuchezea watoto hapa Mtwara, na wenzao wa Lindi nao wasikie. Kiwanja chenyewe sikitaji. Mwenyewe akisoma atajijua, na sikushika kalamu ili kumharibia biashara.

Idi pili nilitoka na wajukuu watatu, pamoja na mkwe wangu aliyebeba mtoto wa miezi tisa. Tulipanda bajaji kutoka Chikongola, watoto wamevaa nguo mpya zinazowakwaruza shingo, kila mmoja kashika noti yake ya mkono wa Idi, kaikunja hadi imekuwa kama kidonge. Mkobani mwangu mlikuwa na visheti, machungwa manne, maji chupa mbili, na chupa ya chai yenye uji wa mtoto. Tulifika baada ya swala ya alasiri, jua bado kali. Geti kubwa lilikuwa limefungwa kwa mnyororo na kufuli. Kilichokuwa wazi ni kimlango cha pembeni cha kupita mtu mmoja, na hapo kimlangoni meza ya plastiki na vijana wawili wa ulinzi. Foleni hapakuwa. Palikuwa na watu tu, wamejaa.

Tulisukumana humo kama dakika 40. Zamu yangu ilipofika, kijana akaniamkia, nikamwitikia, akaingiza mkono mkobani. Machungwa yakatoka. Visheti vikatoka. Maji yakatoka. Akaifungua chupa ya chai, akanusa.

"Bibi, hiki nini?"

"Uji wa mtoto."

"Hauingii. Vyakula vya nje haviruhusiwi, ni kwa usalama wenu."

"Huko ndani kuna uji?"

Akafikiri kidogo. "Kuna soda."

Mkwe wangu akataka kuanza maneno, nikamminya mkono. Vitu vyetu vikawekwa kwenye lundo chini ya meza, pamoja na vifurushi vya wenzetu. Hakuna aliyetupa namba wala aliyeandika mahali kwamba hiki cha nani.

Ndani, maji tunayonunua dukani kwa shilingi 500 yanauzwa 1,000. Nikanunua, nitafanyaje, watoto wana kiu. Nilipokuwa natafuta chenji, vidole vikagusa mpini. Ni kisu changu kidogo cha kumenyea machungwa, nilikitia asubuhi kwenye mfuko wa ndani wa mkoba nikakisahau. Kosa hilo ni langu, nalikubali. Ila yule kijana alitoa machungwa manne kwenye mkoba uleule, asijiulize bibi huyu anayamenyea nini. Nikakaa na kisu changu pembeni ya lile jumba la kupulizwa upepo, watoto wa watu wanaruka, mimi nimekumbatia mkoba kama mwizi.

Mhariri, kazi ile naijua. Miaka tisa nilikuwa mlinzi wa langoni kwenye kiwanda cha kubangua korosho. Niliajiriwa kwa sababu moja tu: wabanguaji wengi ni wanawake, na mwanamke hukaguliwa na mwanamke mwenzake. Kila jioni walipita mbele yangu, wamechoka, mikono imeungua kwa mafuta ya maganda. Korosho nimezikuta kwenye pindo la kanga, kwenye nywele zilizosukwa, ndani ya mbeleko ya mtoto. Mara moja nilizikuta chini kabisa ya bakuli, zimefunikwa na kiporo cha ugali kilichobakizwa kwa makusudi, na nikiri kwamba siku hiyo nilicheka kabla ya kuandika ripoti. Tulifundishwa kupitisha mgongo wa kiganja, si vidole. Unamwambia mtu kabla hujamgusa. Na unamtazama usoni, kwa kuwa mwenye kitu macho yake husema mapema kuliko mkono wako.

Pale kiwanjani kijana wa pili alikuwa na kile kirungu cha kukagulia chuma. Alikipitisha kwenye buibui la mkwe wangu kuanzia begani hadi magotini, mbele za watu, na sikuona mwanamke hata mmoja mwenye sare. Hata polisi, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawataka mwanamke akaguliwe na mwanamke, tena kwa staha kubwa. Iweje kijana wa kampuni ya ulinzi awe na ruhusa zaidi ya polisi? Na kirungu chenyewe, nilikitazama kwa jicho la kazi, hakikulia hata mara moja. Alikipitisha kiunoni kwa baba mmoja mwenye mkanda wa bizimu kubwa la chuma, kimya. Kwa mama mwenye bangili hadi karibu na kiwiko, kimya. Hakina betri kile. Ni fimbo.

Jambo ninalotaka kulisema ni hili. Ukitaka kujua mwenye mali anaogopa nini, mtazame mlinzi wake anatafuta nini, na anatafuta wakati gani. Kiwandani kwetu tulikagua watu wakitoka. Wakati wa kuingia hakuna aliyejali umebeba nini, ungeweza kuingia na jembe, kwa sababu tajiri aliogopa korosho kutoka. Pale kiwanjani wanakagua wakati wa kuingia, na kinachoogopwa ni chupa ya maji kutoka nyumbani. Mwenye kiwanja anataka kuuza soda, namwelewa, bembea haziendeshwi kwa dua. Basi aandike kwenye bango, kwa herufi kubwa, kwamba vyakula vya nje marufuku, nilisome kabla sijamlipa wa bajaji. Asiniambie ni kwa usalama wangu.

Maana usalama wenyewe sisi wa huku hatuufanyii mzaha. Mto Ruvuma uko hapo, ng'ambo yake ni Msumbiji, na wenye silaha walivyokivamia kijiji cha Kitaya Oktoba 2020 hatujasahau. Nikaguliwe, tena nikaguliwe sawasawa. Ningefurahi yule kijana angekiona kisu, akakichukua na kuniuliza bibi hiki cha nini.

Mjukuu wangu mkubwa, aliposikia nalalamika, alinisomea kwenye simu mambo ya wenzetu wa Marekani, kwenye viwanja vikubwa vya Orlando, jimbo la Florida. Mei 2013 bibi mmoja kama mimi alipanda na mjukuu wake kigari cha kuchezea kwenye kiwanja cha Disney cha Animal Kingdom, akakuta bastola kwenye kiti, ina risasi. Ilikuwa imemdondoka mwanamume aliyepanda kabla yao. Alikuwa na kibali cha kuibeba, akasema hakujua kwamba kiwanjani hairuhusiwi. Mikoba walikuwa wanakagua siku zote, lakini bastola haikukaa mkobani. Desemba 2015, mwezi mmoja baada ya mashambulizi ya Paris, Disney, Universal na SeaWorld wakaweka mashine za kugundua chuma kwenye malango yao, na Disney wakaacha hata kuuza bastola za plastiki za watoto. Sasa sikiliza hili: kwa Disney, chakula chako na maji yako unaingia navyo. Wanachokataa ni pombe na vyombo vya kioo. Na kwenye kioo wameacha nafasi moja, kichupa kidogo cha chakula cha mtoto mchanga. Wenye viwanja vikubwa kuliko vyote wamekaa wakamfikiria mtoto wa miezi tisa, na wao pia wanauza soda.

Sidai mashine hapa. Mashine itahitaji umeme, na ya umeme wa Mtwara tuyaache.

Ninachoogopa mimi zaidi ya kisu ni kile kimlango. Tukiwa tumebanana pale, kila mkoba ulipochelewa mezani, wa nyuma walisukuma wakidhani tunazubaa. Mjukuu wangu wa kati, ana miaka sita, alibanwa kwenye bomba la uzio hadi akaacha kulia. Mtoto akilia ana hewa. Akinyamaza ndipo nilipoogopa, nikamwinua kwa kola ya ile nguo mpya ikachanika, nikampandisha begani kwa baba wa watu nisiyemjua. Binti mwingine alipoteza kiatu, akazuiwa kuinama kukitafuta, na aliyemzuia alifanya vema.

Oktoba 1, 2008, siku ya Idi vilevile, watoto wapatao 20 walikufa Tabora kwenye disko toto, ukumbini, kwa kukosa hewa na kukanyagana. Hapakuwa na bomu pale wala bastola. Ni wingi wa watoto tu na mahali pasipowatosha. Tangu hapo sikukuu zikikaribia tunawasikia polisi wakikumbusha kwamba disko toto ni marufuku, na sisi tumehamishia watoto kwenye viwanja vya wazi tukiamini huko kuna hewa. Hewa ipo ndani. Mlangoni haipo. Januari 2022 watu 8 walikufa Yaoundé, nje ya uwanja wa Olembé, Kameruni ikicheza na jirani zetu wa Komoro, na rais wa shirikisho la soka la Afrika, Patrice Motsepe, akasema geti lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa bila sababu inayoeleweka. Mume wangu aliutazama mchezo ule hadi mwisho bila kujua kilichotokea nje.

Kwa hiyo lile geti kubwa lenye kufuli nalirudia. Nilimuuliza kijana ufunguo uko kwa nani, akasema kwa bosi. Bosi yuko wapi? Ameenda mjini. Moto ukiwaka kwenye jenereta, watoto wote wale wangetoka kwa kimlango kilekile, wanaotoka wakikutana na wanaoingia, na meza ya plastiki katikati. Afadhali wasinikague kabisa kuliko kunikagua hivyo.

Mtu akiniuliza ningefanyaje, siku ya sikukuu ningeweka mistari miwili ya kamba kuanzia mbali, barabarani huko, ili kusukumana kuishie mbali na mlango. Wenye mikoba mstari mmoja, wasio na mikoba mwingine, maana baba aliyeshika mtoto mkononi tu hana haja ya kusubiri visheti vyangu vihesabiwe. Ningeajiri wanawake wawili kwa siku hizo mbili za Idi, na wapo wengi tu waliofanya kazi kama yangu, wamekaa nyumbani. Pazia ni kanga mbili na kamba. Betri za kirungu zinapatikana sokoni. Geti kubwa liwe la kutokea, lisimamiwe na mtu mwenye ufunguo shingoni, na mtu huyo asitumwe kununua chochote. Uji na maji ya watoto viingie. Na viwanja hivi vinapopewa kibali cha kufanya shughuli siku ya sikukuu, naomba manispaa imtume mtu kuutazama mlango kwanza, kabla hajafika kwenye bembea.

Tuliondoka magharibi. Lundo chini ya meza lilikuwa limepungua sana. Visheti nilivikuta, vimepondeka kidogo, machungwa mawili nikayakuta, na maji yote. Chupa ya chai haikuwepo. Nilipomuuliza yule kijana akanijibu kwa adabu, "Bibi, mimi nilikuwa naangalia watu, siyo vyombo." Ni ya bluu, kifuniko kimepasuka ukingoni, nimeinunua mwaka ambao mama wa huyu mtoto aliolewa. Aliyeichukua kwa bahati mbaya airudishe palepale getini, nitaipitia Ijumaa. Uji simdai.

Mlinzi mstaafu,
Chikongola, Mtwara