Kuchukua paka ni jukumu la miaka

Mhariri, nimesoma makala yenu kuhusu watu kuchukua paka kutoka makao ya wanyama na naunga mkono kabisa, ila kuna kitu hapa Kisumu hatusemi. Wengi wetu tunataka paka wa kumaliza panya tu, akifika kwa nyumba tunamwacha ajitafutie, eti paka hujilisha. Si kweli jamani. Paka akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 15 au zaidi, na hizo zote anahitaji chakula, maji safi na chanjo ya kichaa cha mbwa, maana hata paka huambukizwa na akimuuma mtoto, huyo mtoto ako hatarini.

Halafu hii ya kuzaa ndio inaniuma sana. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne hivi, anabeba kama siku 63, na baada ya kuzaa anashika tena haraka, sasa wale watoto wanawekwa kwa gunia wanatupwa Kibuye sokoni, na hiyo ni ukatili, na sheria ya wanyama Kenya, Sura ya 360, inakataza ukatili.

Naomba kaunti, ikipeleka madaktari wa mifugo kuchanja mbwa mitaani, paka pia wachanjwe na wafungwe uzazi kwa bei nafuu, hata ianzie Manyatta na Nyalenda. Na kama unahama ploti ingine na landilodi mpya hataki wanyama, tafadhali mtafutie paka wako nyumba kwanza kabla upakie vitu.

Mpenda wanyama,
Manyatta, Kisumu