Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa: vyuma vya nguzo visipande miti hai

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: VIATU VYA MIIBA KATIKA KUPOGOA MITI YA MJI

Nilikuwa fundi wa laini za umeme hadi nikastaafu, kwa hiyo vyuma ninavyovizungumzia nimevivaa mwenyewe. Ni vyuma vinavyofungwa kwa mikanda kwenye kifundo cha mguu na chini ya goti, na upande wa ndani wa kila mguu kuna mwiba unaoelekea chini. Unakanyaga, mwiba unazama, unasimama juu yake. Nguzo ya mkaratusi ni mti uliokwisha kufa na kutiwa dawa, kwa hiyo haina cha kupoteza.

Wiki iliyopita mkandarasi wenu kapogoa miarobaini ya barabara ya sokoni kwa vyuma hivyohivyo. Nenda ukaitazame. Kila shina lina safu mbili za matundu, kulia na kushoto, kutoka usawa wa goti hadi kwenye panda, na utomvu wa kahawia umeshachuruzika na kuganda. Chini ya gome kuna utando mwembamba ulio hai, ndio unaozalisha mbao mpya. Kila tundu limeuchana. Alex Shigo, mtaalamu wa misitu wa Marekani, alieleza tangu miaka ya 1970 kwamba mti hauponi kama ngozi ya mtu: hulizungushia jeraha ukuta, hulifunika, nalo hubaki humo ndani. Mnazi hata hilo hauliwezi, maana hauna utando huo. Tundu utakalolitia leo litakuwepo siku mnazi unapoanguka. Na nasikia zamu inayofuata ni minazi ya ufukweni.

Utaniambia wakwezi wetu nao hukata vidato. Kweli, na vidato navyo huingiza maji na kuoza. Lakini wapo wanaokwea kwa kitanzi cha kamba miguuni bila kutoboa shina. Hao waitwe.

Vijana wa mkandarasi siwalaumu, wamevaa walichokikuta stoo. Nao wenyewe wako hatarini: gome likibanduka, mwiba hauna pa kushika, na mtu hushuka kifua kikikwaruza shina mpaka chini. Mafundi wa laini tunayajua makovu hayo.

Marekani, kanuni za kitaifa za utunzaji wa miti, ANSI A300, haziruhusu miiba katika kupogoa ila kwa sababu chache maalumu. Sisi tuanzie kwenye mkataba wa zabuni. Kiongezwe kifungu kimoja: kupogoa kufanyike kwa ngazi, kamba na mkanda wa usalama, viatu vya miiba vitumike pale tu mti unapoangushwa wote, au kumwokoa mtu aliyekwama juu.

Minazi ya ufukweni isiguswe kabla kifungu hicho hakijaingia. Vijana wakihitaji wa kuwaelekeza kazi ya kamba, nitakuja, tena bila posho.

Wako,
Fundi mstaafu, mkazi wa barabara ya sokoni