Mhariri, tupeni herufi sita kila Jumamosi

Mhariri, asalaam alaykum. Mie nipo Wete, Pemba, nasomesha tuisheni watoto wa darasa la tano na la sita, tukishasali Alasiri tunakaa barazani kwa mama mpaka Magharibi inakaribia. Nina ombi moja tu. Naomba gazeti litupe kona ndogo ya herufi sita za Kiingereza, watoto watafute humo maneno mangapi wanaweza kuyatoa, na majibu yaje Jumamosi ya pili yake.

Najua kuna atakaesema gazeti la Kiswahili na Kiingereza wapi na wapi. Lakini watoto wetu wakifika la tano hesabu na sayansi zinageuka Kiingereza, ndo sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ilivosema, na mtoto alokuwa anajibu kila suala leo anakaa kimya, si mjinga, maneno ndo hana. Mie mwenyewe nilikuwa nawapa orodha wakariri, wanakariri kweli, wiki ya pili yashatoka yote. Siku moja mama kaanika karafuu uani, nikaandika ubaoni CLOVES nikawambia haya nitoleeni maneno mengine humu humu, herufi msiongeze na msiitumie mara mbili. Kimya. Baadae mmoja akasema LOVE, mwengine LOSE, ikaja CLOSE, hapo wengine washasimama, na mtoto mmoja wa kike ambae tangu aanze kuja sijawahi kuisikia sauti yake akasema SOLVE. Neno hilo lipo kwenye kila mtihani wa hesabu, wanaliona wanalipita, kumbe limo kwenye karafuu za bibi! Hawajalisahau mpaka leo.

Sasa pale panapowakwaza watoto wetu nimepaona. Sisi tumekua na kinyume, maji unasema jima, kisu suki, nyumba mbanyu, mtoto wa miaka saba anakipiga mbio mbio na mwenzake wakubwa wasijue. Kwa hiyo kupindua maneno si kitu kigeni kwao. Ila kwenye kinyume unahamisha silabi nzima nzima, na Kiingereza hapa kinataka uivunje silabi uchukue herufi moja moja. Tena Kiswahili neno linaishia na irabu, basi ukiwapa S, T, O, P wanahangaika na ile O wairudie tena mwisho, wanakuletea POTSO sijui TOPSO. Nikawambia acheni O ikae kati, mwisho pawe pakavu haidhuru, na konsonanti mbili zinaweza kushikana. Yakamiminika, POST, SPOT, POTS, TOPS, na kijana mmoja akaja na OPTS.

Huyo kijana kenda nalo skuli akaambiwa hakuna neno kama hilo, akakatiwa mkasi mwekundu wa kukosa mbele ya wenziwe. Neno lipo, maana yake anachagua, nilimuonesha kwenye kamusi ya simuni kwangu, lakini skuli haendi na simu yangu na kamusi ya kitabu hana. Karudi barazani siku mbili hataki kujibu kitu. Iliniuma sana, na ndo sababu hasa ya kuandika barua hii, nataka mtoto awe na karatasi iliyochapwa mkononi, aseme hili hapa mwalimu.

Na gazeti kwenye mchezo huu si mgeni. Miaka ya 1930 kule Marekani alikuwepo mchora ramani za majumba, Alfred Butts, kazi ilipopotea kwa ule mdororo wa uchumi akakaa kutunga mchezo wa herufi, na ili ajue herufi ipi itolewe vipande vingapi akachukua magazeti akahesabu herufi kwa mkono. Ndo mchezo ulioitwa Scrabble 1948. Vipande 100, E peke yake 12, Q kimoja tu na ina pointi 10. S akaitoa nne tu, maana S kwa Kiingereza unaibandika mwisho wa neno ushapata wingi, ingekuwa rahisi mno. Watoto wangu nao nikawapa ukurasa wa gazeti lenu wahesabu kama yeye. A ikaziwacha zote mbali, na Q hawakuiona kabisa. Hapo mtoto anajua mwenyewe kwamba lugha mbili hizi hazijengwi kwa mawe mamoja, bila ya mie kumhubiria.

Hiyo Q kwanza inawatisha, wanafunzwa lazima ifatwe na U. Lakini kamusi za Kiingereza zina TALAQ, QIBLA, NIQAB, FAQIR, hazina U baada ya Q, zote za Kiarabu, ni talaka, kibla, nikabu na fakiri zetu hizi hizi, na mtoto alotoka chuo cha Kurani asubuhi anaijua qaf ya Kiarabu kabla hajaijua Q. Mungekuwepo muone walivofurahi.

Wapo watakaosema siku hizi kuna programu za simu unaingiza herufi inakuletea maneno yote. Zipo, na siri yake si kubwa, kila neno inalipanga herufi zake kwa mfuatano wa abjadi, SNAIL inakuwa A I L N S, NAILS nayo hivo hivo, SLAIN hivo hivo, kwa hiyo yote matatu yanakaa chumba kimoja, ukiipa herufi zako inazipanga inakwenda kugonga mlango huo. Sisi tunafanya hivo kwa madaftari, kila mtoto ana lake, na haya matatu tuliyatoa kwenye ISLAND. Programu ikimpa mtoto jibu kabla hajatafuta anasoma anapita, keshasahau. Ndo maana nikasema majibu yakae wiki nzima.

Herufi zichapwe kubwa, na neno mama liwe kitu cha hapa kwetu, hata herufi zikizidi sita kwa moja, COCONUT, MANGOES, SEAWEED kwa watoto ambao mama zao wako kwenye mwani. Chini yake muweke maana kwa Kiswahili, neno kwa neno. Kama hamna mtu wa kuyatengeneza mie niko tayari kuleta ya mwaka mzima bila malipo, madaftari yamejaa.

Na msiseme gazeti haliwafikii watoto. Mama anafungia mandazi magazeti ya zamani, na watoto wakishakula wanayakunjua wanasoma yakiwa na mafuta yake, wakikuta neno la Kiingereza wananiletea.

Mwalimu wa tuisheni,
Wete, Pemba