Kikao cha wazazi tunaosomesha nyumbani

Assalaam alaykum na habari za asubuhi, ndugu wazazi.

Tukutane Jumamosi saa 10 alasiri, Ngamiani, barazani petu pa kawaida. Leteni:

1. Cheti cha kuzaliwa, nakala 2. Jina lisomeke sawasawa kwenye kila karatasi. Herufi moja ikipishana, usumbufu wake mnaujua.
2. Sh 3,000 za fotokopi.

Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto wa miaka 7, kabla hajatimiza 13, aandikishwe shule ya msingi. Wenye wadogo, tuzungumze mapema. Wakubwa wasio na matokeo ya kidato cha pili huanza na Mtihani wa Maarifa (QT), ndipo wafanye cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea.

Thibitisheni hapa kabla ya Alhamisi usiku: jina, idadi ya watoto na umri. Kahawa ipo.