Barua kwa mwanangu: usiitoe nje usiku

Mwanangu,

Sisi wazima. Barua yako nimeisoma mara mbili, na pale unaposema utaipandisha ile ramani yetu ya nyota ya kuzungusha juu ya paa uwaonyeshe wenzako, nimeparudia mara ya tatu. Usiitoe nje usiku. Umande huuoni ukishuka, unauona karatasi ikishavimba.

Utasema chombo kimetengenezwa kitumike. Kweli, tena nimefurahi kwamba kuizungusha hadi tarehe ikutane na saa, ionyeshe nyota za wakati huo, sasa unaweza bila kuelekezwa. Baba yako hakuwahi. Lakini kile kisahani cha juu kimeshikwa na kijipini kimoja cha shaba, na tundu lake limeshaanza kulika. Kila ukizungusha linapanuka. Ipige picha bila kuwasha taa ya kamera, uchapishe kwenye karatasi nzito, uizungushe hiyo nakala mpaka ichakae. Yenyewe ilale ndani, mbali na jua, katikati ya karatasi zisizo na asidi. Ikichanika usibandike selotepu! Gundi yake huacha umanjano usiotoka.

Na hiyo nakala usiishike kama ramani ya nchi, halafu ulalamike tena kuwa mashariki na magharibi zimegeuzwa. Inyanyue juu ya kichwa, uso wake ukutazame. Nimelisema hili miaka mingapi? Saa zake ni za jua, kwa hiyo huko wanakosogeza saa mbele wakati wa kiangazi, punguza moja. Umri wake usikusumbue: nyota huihama mistari ya ramani kwa digrii moja hivi kila miaka 72, na kwa kutafuta makundinyota hiyo si kitu. Waonyeshe ile Merikebu inayochungulia ukingoni. Katika orodha ya makundinyota 88 iliyokubaliwa mwaka 1922 haimo tena. Wameibomoa, yamebaki Mkuku, Shetri na Tanga. Mimi bado naiita Merikebu.

Lile doa kwenye kundinyota la Mapacha, ulilogombezwa hata ukalia. Doa la namna ile ni la umande, na umande huipata ramani ya mtu aliyesinzia nje nayo hadi alfajiri. Watoto saa hizo huwa vitandani. Basi ndiyo sababu nasema usiitoe.

Chumba chako hatujakigusa, ila kitanda nimekisogeza, dari inavuja upande wa dirisha. Mlango wa stoo umevimba, lazima uusukume kwa bega. Baba yako anasema atauranda. Amesema hivyo tangu uondoke. Ufunguo wa kabati la chini nao siuoni. Angalia mifuko ya lile koti lako zito kabla sijamwita fundi avunje kufuli.

Ukijibu, anza kwa kuniambia ramani iko wapi.

Mama yako