Ndege za Rufiji zilikuwa mbili, na marubani wote walipona

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nizungumzie makala mliyoitoa kuhusu Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyomalizwa ndani ya delta ya Rufiji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Makala ilikuwa nzuri, ila mwandishi alipofika kwenye ndege ya Waingereza iliyotunguliwa na rubani wake kufa, aliunganisha mikasa miwili iliyopishana kwa miezi saba, kisha akaongeza kifo ambacho hakikutokea. Simlaumu peke yake. Huku kwetu Mafia nako watalii husimuliwa hivyo hivyo.

Ndege ya kwanza ilikuwa Curtiss, aina inayotua majini, iliyochukuliwa kutoka Durban pamoja na rubani wake, H. D. Cutler. Cutler alikuwa raia tu, akapewa cheo cha muda katika jeshi la majini. Novemba 1914 alianza kuruka kutoka kisiwa kidogo cha Nyororo, karibu na hapa Mafia. Ndege yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Rejeta ilipoharibika ilibidi itafutwe ya gari la Ford huko Mombasa, na iliyotumwa kuifuata ni manowari! Tarehe 22 Novemba akaiona Königsberg imejificha kwenye mikoko. Wakubwa hawakutosheka na neno lake, kwa hiyo baadaye akapandishwa ofisa wa meli akajionee mwenyewe. Tarehe 10 Desemba Cutler aliruka peke yake, injini ikamwangusha, akatua mtoni na kutekwa na Wajerumani. Hakutunguliwa, wala hakufa.

Ya pili ni ya tarehe 11 Julai 1915, na hii ndiyo inayostahili kusimuliwa taratibu. Wakati huo Waingereza walikuwa wameshaitwaa Mafia na kufyeka kiwanja cha ndege. Meli zao mbili bapa za mizinga, Severn na Mersey, ziliingia mtoni kupitia mlango wa Kikunja. Zilipiga kutoka umbali wa kilomita 9 hivi, bila kuiona shabaha, kwa sababu mikoko ilikuwa imeziba kila kitu. Macho yao yalikuwa juu: rubani John Cull na mwangalizi wake, H. J. Arnold, ndani ya ndege ya Henri Farman. Kombora likianguka, Arnold alibofya herufi za Morse, yaani milio mifupi na mirefu, kwenye redio kuwaambia wapiga mizinga wasogeze wapi. Tarehe 6 Julai walikuwa wamejaribu hivyo hivyo, wakamwaga mamia ya makombora wasipate la maana.

Safari hii ndege yao ikapigwa, injini ikafa. Cull akaielekeza chini bila injini, ikawa inateleza hewani kuelekea mtoni, na Arnold hakuacha kubofya. Alituma habari kwamba wamepigwa, wapelekewe boti, kisha akaendelea kusahihisha shabaha ya Severn huku wanashuka, na makombora yakaanza kuingia kwenye Königsberg yenyewe. Walitua karibu na Mersey, ndege ikapinduka juu chini. Arnold alirushwa nje. Cull alizama nayo akiwa bado na mkanda kiunoni, akajinasua kwa nguvu, boti ya Mersey ikawaokoa wote wawili. Siku hiyo hiyo Kapteni Max Looff aliamuru Königsberg ilipuliwe.

Kwa hiyo, vijana wanaotaka kutafiti habari hizi waanze na tarehe na jina la meli, si na mabaki. Kumbukumbu za maofisa wa kikosi cha anga cha jeshi la majini ziko kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, London, katika faili za ADM 273, na daftari za safari za meli ziko ADM 53. Wajerumani nao wana hifadhi yao ya kijeshi Freiburg. Mtu akimtafuta Cutler kama raia wa Durban atazunguka bure, maana cheo kile cha muda ndicho kilichomwingiza kwenye makaratasi ya jeshi.

Vyuma vinavyoonyeshwa vijijini kama vipande vya ndege mimi navitilia shaka. Manowari ilivuliwa vyuma kwa miaka mingi. Mizinga yake kumi iliondolewa na Wajerumani ikaenda kupigana nchi kavu, na mmoja unauona leo Fort Jesus, Mombasa. Baadaye wapiga mbizi nao wakachukua chao. Chuma cha Rufiji, kwa kawaida, ni cha meli.

Kuna tahadhari nyingine kwa wanaohoji wazee. Mzee akisema jambo lilitokea saa saba, anamaanisha saa saba yetu, ya mchana. Mtafiti mgeni akiiandika kama saa saba ya asubuhi, ushuhuda utagombana na daftari la meli, na atakayeonekana mwongo ni mzee.

Hao wazee ndio ninaowaombea, Mhariri. Cull na Arnold walipewa DSO, nishani ya kijeshi ya Uingereza kwa maofisa, na majina yao hayatapotea. Waliofyeka kiwanja cha Mafia, waliobeba mizinga kutoka kwenye mikoko, na waliohama vijiji vya delta mizinga ilipoanza kunguruma, habari zao zimebaki kwa wajukuu, na wajukuu wenyewe sasa wanatembelea mkongojo. Gazeti lako lina waandishi Kibiti na Mafia. Wapeni vinasa sauti, waandike nani kasimulia, alisikia kwa nani, na mahali gani hasa. Na lile kosa la rubani kufa, naomba lisahihishwe kwenye toleo lijalo.

Mwalimu mstaafu,
Kilindoni, Mafia.